Helmeti Ikishavuliwa: Namna ya Kumtunza Mtoto Aliyekuwa na Kisogo Bapa

Siku mwanangu alipovuliwa helmeti, ile kofia ngumu ya kurekebisha umbo la kichwa, kwa mara ya mwisho nilidhani nitapiga vigelegele. Wapi! Nilitoka kliniki nimemshika kichwa kwa mikono miwili kama niliyebeba trei ya mayai. Kwa miezi minne alikuwa akiivaa saa 23 kwa siku, na ile saa moja iliyobaki ilikuwa ya kuoga na kukausha nywele. Nilipomfunga kwenye kiti chake cha gari nikamtazama vizuri: kichwa kimekuwa kidogo ghafla, masikio yametokeza, na juu ya nyusi kuna alama nyekundu kama ya mtu aliyeamka juu ya mkeka. Mkononi nilikuwa na karatasi ya maelekezo, mistari mitatu tu. Mstari wa mwisho ulisema nipige simu nikiwa na wasiwasi. Wasiwasi nilikuwa nao wa kujaza gari.

Tunaishi Texas, ambako hizi helmeti ni jambo la kawaida. Ukienda dukani Jumamosi hukosi kukutana na mtoto mmoja aliyeivaa. Kwa Kiswahili sikupata mtu wa kuniambia cha kufanya baada ya hapo, ndiyo maana naandika. Ninaandika kama mama, na pale daktari wako au mtaalamu wa fiziotherapia (tiba ya mazoezi ya viungo) anaponipinga, mfuate yeye, maana mtoto wako anamjua.

Neno moja kabla hatujaanza. Nazungumzia kichwa kilichobonyea kwa kulaliwa: mtoto amelala chali, kageukia upande mmoja wiki nenda wiki rudi, na fuvu laini likafuata godoro. Kuna hali nyingine ambayo maungio ya mifupa ya fuvu huziba kabla ya wakati, na hiyo ni ya daktari wa upasuaji. Watoto wengine huvalishwa helmeti baada ya upasuaji huo. Mtoto wako akiwa ni huyo, ratiba yake ni nyingine kabisa, usichukue ya kwangu.

Hatua ya 1: Mwisho autangaze mtaalamu, si wewe

Wengi huchoka mwezi wa tatu. Mtoto ana mafua, joto kali, helmeti inanuka, baba mtu anasema kichwa si kimeshakaa sawa? Wanaiacha siku nne. Wakitaka kuirudisha haiingii, kwa sababu kichwa cha mtoto hakisubiri mtu. Basi wanaisukuma kwa nguvu na ngozi inachubuka. Ikiwa imekaa bila kuvaliwa siku kadhaa, piga simu kabla ya kuirudisha.

Siku ya kuhitimisha, omba vipimo vya mwanzo na vya mwisho kwa maandishi. Omba pia jibu la swali hili: shingo yake imepona, au bado? Kliniki nyingine huacha helmeti mara moja, nyingine hupunguza saa taratibu, labda ivaliwe usiku tu kwa muda. Uliza wao wanafuata ipi, wala usishangae rafiki yako akiambiwa tofauti.

Hatua ya 2: Ngozi na nywele za wiki mbili za kwanza

Alama nyekundu za kingo za helmeti hupotea zenyewe. Ya paji la uso ilipotea jioni ileile, ya nyuma ya sikio ikachukua siku mbili. Isiyofifia, au yenye malengelenge, maji au harufu, mwonyeshe daktari.

Mwogeshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo na manukato, kisha kausha kwa kugusagusa na taulo bila kusugua. Angalia nyuma ya masikio na kwenye mkunjo wa shingo, huko ndiko unyevu hujificha. Harara ikitokea, dawa yake ni hewa na ukavu. Najua mkono wako unataka kwenda kwenye poda, uzuie. Vumbi la poda mtoto hulivuta mapafuni, na madaktari wa watoto wanaikataza kwa sababu hiyo. Mafuta mazito nayo yanaziba vitundu vya jasho na kuikuza harara. Kama kuna magamba ya kichwani, paka mafuta kidogo tu, subiri dakika chache, yalegeze kwa brashi laini, kisha osha mafuta yote yatoke. Upele mwekundu wenye vipele vidogo pembeni unaong'ang'ania mkunjo wa shingo huenda ni fangasi, na huo unataka dawa ya hospitali.

Nywele zitakuwa za ajabu. Mwanangu alikuwa na kisogo cheupe na utosi wenye msitu. Pale zilipokuwa zikisuguliwa zitaota tena, ni suala la miezi. Mama mkwe alishauri tumnyoe ili ziote sawasawa. Kunyoa hakuongezi unene wa nywele, lakini hakumdhuru mtoto kama wembe ni safi na ngozi haina kidonda, kwa hiyo hapo nilimwachia yeye ushindi. Ambacho nakikataza ni kumsuka mtoto wa kike nywele za kukaza, hasa kuzunguka paji na juu ya masikio. Mizizi ya hapo imeshasumbuliwa vya kutosha.

Hatua ya 3: Usiku

Jiandae kwa usiku tatu nne za tabu. Kichwa kilichozoea kubanwa kikiachwa wazi, mtoto huona kama kuna kitu kimepotea. Wangu aliamka akijipapasa masikio. Hakuwa mgonjwa wala na meno yanayoota, alikuwa anaitafuta helmeti yake! Tulimwimbia, tukamshika mkono, akazoea.

Aendelee kulazwa chali mpaka atimize mwaka. Hapa ndipo wazazi wengi tunapojichanganya, tukiwaza kwamba kulala chali ndiko kulikoleta balaa, basi sasa tumlaze ubavu. Hapana. Marekani madaktari wa watoto walianza kushauri watoto wasilazwe kifudifudi mwaka 1992, kampeni kubwa ikafuata mwaka 1994, na vifo vya ghafla vya watoto usingizini vikapungua kwa karibu nusu katika miaka iliyofuata. Vichwa bapa vikaongezeka. Ukiweka mambo hayo mawili kwenye mizani, unajua lipi ni zito. Akijigeuza mwenyewe usingizini akalala kifudifudi, na anajua kujigeuza pande zote mbili, mwache. Hutakiwi kukesha ukimgeuza kama chapati.

Unachoweza kubadilisha ni upande wa kitanda. Mtoto hugeukia kilipo kitu cha kupendeza: mlango, mwanga, kitanda chenu. Leo kichwa kiwe upande wa dirisha, kesho miguu iwe huko. Hii inawafaa zaidi wadogo waliomaliza helmeti mapema. Mwenye miezi kumi huzunguka kitandani kama mshale wa saa, na kwake ushauri huu hauna maana.

Chumba kisiwe cha joto na kichwa kikae wazi. Kofia ya sufi ni ya kutokea nje, si ya kulalia.

Hatua ya 4: Shingo

Hapa nitakaa, kwa sababu nimewaona akina mama wakisumbuka na kichwa huku shingo imesahauliwa.

Jiulize kwa nini kisogo kilibonyea upande mmoja tu. Mara nyingi kulikuwa na msuli wa shingo uliokaza, ule mrefu unaotoka nyuma ya sikio kushuka hadi kwenye mtulinga. Ukikaza wa kulia, kichwa hulalia bega la kulia na uso hugeukia kushoto. Mtoto hulala akitazama kushoto kwa sababu ndiko anakoweza, na kisogo cha upande huo hubeba uzito wote. Helmeti hutengeneza umbo la fuvu. Msuli haiugusi. Ukimvua huku shingo bado imekaza, atageukia kulekule, atakula akiwa amegeukia kulekule, atatambaa akivuta upande mmoja.

Jaribio la nyumbani halihitaji chombo. Mkalishe mtoto mapajani pa mtu mwingine, mabega yametulia. Simama mbele yake na kitu kinachong'aa, mimi nilitumia kifuniko cha sufuria. Kipeleke polepole kulia mpaka nyuma ya bega, kisha kushoto. Tazama kidevu: kinafika begani pande zote mbili? Au upande mmoja anazungusha kiwiliwili kizima ili kuisaidia shingo? Mwanangu alifanya hivyo wiki mbili baada ya helmeti, na mtu asiyejua angesema anacheza. Nikarudi fiziotherapia, tukaenda wiki sita zaidi.

Kunyoosha msuli wenyewe ufundishwe kwa mikono na mtaalamu. Usijifunze kwenye video, wala usivute mtoto analia. Lakini siku nzima ya mtoto inaweza kugeuzwa mazoezi bila yeye kujua:

- Kijiko kitokee upande asioupenda. Kiti chake cha kulia kiweke pembeni mwa meza hivi kwamba watu wote wawe upande huo.
- Mbebe kiunoni upande ambao ili akuone wewe na dunia, lazima ageuze shingo kwenda upande dhaifu. Sisi wote tuna nyonga tunayoipenda. Mimi ni ya kushoto, na nilihitaji wiki nzima kuacha mazoea.
- Kwenye kiti cha gari, wanasesere na dada yake wakae upande huo. Ndiyo, dada yake aliulizwa na alidai malipo ya biskuti.
- Ukimbeba mgongoni kwa khanga, jua kwamba hulaza shavu moja tu. Mfunge tena kila baada ya muda na umlaze shavu la pili.

Kuhusu khanga, nizidishe kidogo. Mtoto aliye mgongoni kisogo chake hakigusi kitu chochote, na shingo inafanya kazi kila mama anapoinama kufagia. Bibi zetu hawakuipanga kuwa tiba, lakini inafanya kazi ya tiba. Huku ughaibuni tunaificha kabatini, mtoto anatoka kiti cha gari anaingia kigarini, kutoka kigarini anaingia kwenye bembea, kote huko kisogo kimeegemea. Itoe khanga. Hakikisha tu kwamba mtoto anashika shingo vizuri, pua na mdomo viko wazi, na mapaja yametanuliwa kumzunguka mama, magoti yakiwa juu kidogo ya makalio.

Hatua ya 5: Sakafu

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linataka mtoto ambaye bado hajaanza kutembeatembea apate angalau dakika 30 kwa siku za kulala kifudifudi akiwa macho, zikigawanywa. Na asifungwe kwenye kiti au kigari zaidi ya saa moja mfululizo. Kwa mtoto aliyetoka kwenye helmeti hizo dakika 30 zihesabu kuwa ndiyo mwanzo tu.

Tandika mkeka au blanketi jembamba, lala chini wewe mwenyewe uso kwa uso naye. Siku za kwanza atalalamika: kichwa bila helmeti ni chepesi, na utamwona anakirusha juu kupita kiasi kisha kinaanguka puu. Anajifunza upya uzito wake. Dakika tatu tatu, mara nyingi kwa siku, ni bora kuliko nusu saa ya kilio. Ukiona amechoka, mkunjie taulo chini ya kifua.

Akishajua kutambaa na kukaa kitako, hutakiwi tena kuhesabu dakika. Mtoto anayetambaa anajitibu.

Hatua ya 6: Mito ya maajabu, iache dukani

Baada ya helmeti, simu yako itajaa matangazo ya mito yenye shimo katikati ya "kulinda matokeo". Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo mwezi Novemba 2022 kwamba mito hiyo isitumike: haijathibitishwa kutibu chochote, na inaongeza hatari ya mtoto kukosa hewa. Kitanda cha mtoto ni godoro gumu na shuka iliyobana. Basi. Mto wa pamba alioshona shangazi kwa upendo pia uko kwenye hukumu hii.

Hatua ya 7: Kichwa kisicho na kinga

Hili hakuna aliyeniambia. Mtoto aliyevaa helmeti kwa miezi hajajua kuwa ukuta unauma. Wangu alikuwa na mtindo wa kurudi nyuma akiwa amekaa na kuangusha kisogo sakafuni makusudi, kwa sababu helmeti ilitoa mlio mzuri wa ko! na watu walicheka. Siku ya pili bila helmeti akafanya hivyo kwenye vigae vya jikoni. Kilio chake nakisikia mpaka leo.

Kwa hiyo kabla hujaenda kliniki siku ya kuvuliwa, pita kila chumba ukiwa umepiga magoti. Pembe za meza ya kahawa zifunikwe au meza iondolewe. Ngazi ziwe na kizuizi juu na chini. Tandika zulia pale anapojizoeza kukaa. Kama anasimama dede kwa kushikilia kochi, ondoa kila kitu kigumu kilicho nyuma yake ndani ya hatua moja. Kitandani kwenu asiachwe peke yake hata sekunde ya kuchukua nepi. Wiki ya kwanza tulimweka mto mgongoni kila akikaa kitako mchana, tukikaa naye macho. Baada ya siku kumi alikuwa ameshajua.

Akianguka, mwite jina, mtazame. Akilia papo hapo, akatulia kwa kunyonya na kurudi kucheza, mpe jicho la siku nzima. Mpeleke hospitali bila kusubiri iwapo alizimia hata kidogo, ametapika zaidi ya mara moja, anasinzia kwa namna isiyo yake au haamshiki, ametetemeka kwa degedege, maji meupe au damu inatoka puani au masikioni, au kuna uvimbe laini unaobonyea pembeni au nyuma ya kichwa. Nundu ya paji la uso haitishi kama ya pembeni. Na kwa mtoto wa chini ya miaka miwili, anguko kutoka kimo kinachozidi sentimita 90, kama vile juu ya meza au kaunta, apelekwe aangaliwe hata kama anacheka.

Hatua ya 8: Kupima bila kuwa mtumwa wa kupima

Nilikuwa nampiga picha kila siku. Kila pembe ya simu ikanipa kichwa kipya: asubuhi bapa, jioni mviringo. Mume wangu akaificha ile albamu.

Picha moja kwa mwezi inatosha, na iwe hivi. Baada ya kuoga, nywele zingali zimelowa na kulala. Mtoto akae mapajani pa mtu. Wewe simama juu yake, simu ikiwa sambamba na utosi, pua ielekee juu ya picha na masikio yote mawili yaonekane. Linganisha sikio kwa sikio: moja limesogea mbele kuliko jana? Namaanisha kuliko mwezi jana.

Utepe wa kupimia nao una kosa lake. Unazungushwa kichwani kupata mzingo, na mzingo haukuambii kitu kuhusu ubapa. Kichwa bapa na kichwa mviringo vinaweza kuwa na sentimita zilezile. Ubapa hupimwa kwa mishazari miwili, kutoka paji la upande mmoja kwenda kisogo cha upande wa pili, kisha kinyume chake, na tofauti hugeuzwa kuwa asilimia. Kliniki nyingi za huku hufuata kipimo cha hospitali ya watoto ya Atlanta: chini ya asilimia 3.5 ni kawaida, kuanzia hapo hadi 6.25 ni kidogo, juu ya 11 ni kubwa mno. Mwanangu alianza na 9 na ushei, akamaliza 4.1. Nililia nikidhani tumeshindwa kwa sababu haikuwa sifuri. Mtaalamu akaniuliza kama nimewahi kupima changu.

Kwa nini usiogope kwamba kitarudi kuwa bapa? Piga hesabu. Kwa chati za Shirika la Afya Duniani, mvulana wa kati huzaliwa na mzingo wa sentimita 34.5, akitimiza mwaka ana 46.1, akitimiza miaka miwili ana 48.3. Mwaka wa kwanza kichwa kimeongezeka zaidi ya sentimita 11, wa pili 2 tu. Ukuaji ule uliokuwa ukifuata godoro umeshapita, na mifupa inazidi kuwa migumu. Isitoshe, mtoto anayekaa na kutambaa kutwa hakilalii tena kisogo chake. Upande wa pili wa hesabu hiyo ni kwamba mabaki ya ubapa hayatasahihishwa sana na miaka ijayo. Nywele ndizo zitakazofanya kazi iliyobaki.

Niongeze hili kwa uaminifu. Mwaka 2014 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti wa Uholanzi wa watoto 84: nusu walivalishwa helmeti kuanzia miezi 6, nusu wakaachwa wakue. Walipofika miaka 2 tofauti ya maana haikuonekana. Watoto waliobonyea sana kupita kiasi na wenye shingo iliyokaza hawakuhusishwa, na wangu alikuwa na shingo hiyo, kwa hiyo sijuti. Lakini kama una ndugu ambaye hakuweza kumnunulia wake kifaa cha dola elfu kadhaa, tafadhali usimtazame kana kwamba amemwonea mtoto.

Hatua ya 9: Bibi kwenye simu

Bibi yake, Tanga, kila Jumapili anataka kamera ishushwe aone kisogo. "Mwanangu, mkande. Sisi nyie wote tuliwakanda, mbona vichwa vyenu ni vizuri?" Heshima yake ibaki palepale, lakini kichwa hakikandwi. Fuvu la mtoto haliwi mviringo kwa kubonyezwa na vidole, na utosi wa mbele huweza kuwa wazi hadi miezi 18 na hata kupita. Mimi sikubishana. Nilimwambia, "Mama, daktari amesema akandwe shingo na mabega," jambo ambalo lilikuwa kweli, na nikamkanda mbele ya kamera kwa mafuta ya nazi. Aliridhika. Akaniongezea kwamba nimkande na miguu.

Atakayekuambia kichwa kilibonyea kwa sababu ulimtelekeza kitandani, mwambie ulimlaza chali ili awe hai.

Waelekeze pia wanaokulelea mtoto. Mlezi wa kituo cha watoto asipojua kwamba, kama kwa mwanangu, upande wa kushoto ndio wa mazoezi, saa nane za kila siku zitakwenda upande wa kulia. Nilibandika karatasi kwenye begi la mwanangu: "Nipe chakula kutoka KUSHOTO. Nisikae kwenye bembea."

Hatua ya 10: Hudhuria, na ujue dalili

Kliniki nyingi hutaka kumwona tena baada ya muda. Nenda hata kama unaona mambo shwari. Daktari wa watoto aendelee kupima mzingo kwenye ziara za kawaida. Mwambie waziwazi kwamba mtoto alikuwa na kisogo bapa, kwa sababu watoto hawa hufuatiliwa ukuaji kwa karibu zaidi. Haijaonekana kwamba ubapa wenyewe ndio unaochelewesha, ila mtoto ambaye misuli yake ni milegevu au hachezichezi hulala sana upande mmoja, na kichwa kinakuwa cha kwanza kukuonyesha.

Usisubiri tarehe ya kliniki ukiona haya: ukingo mgumu kama uti unaojitokeza juu ya fuvu, utosi uliovimba akiwa ametulia na amekaa wima, kichwa kukua kwa kasi kuruka mistari ya chati, kutapika mara kwa mara bila homa, macho kuanza kwenda upande, mkono mmoja ndio unaofanya kila kitu kabla hajatimiza mwaka, miezi 9 hakai bila kushikiliwa, miezi 18 hatembei, au amepoteza kitu alichokwishajua kufanya.

Hatua ya 11: Helmeti yenyewe

Ioshe mara ya mwisho kwa spiriti ya asilimia 70 kama ulivyozoea, iache ikauke kabisa, halafu iweke. Wifi yangu aliiomba kwa ajili ya mtoto wa jirani yake Nairobi, akaniambia si haramu kutupa kitu cha bei hiyo? Nilimkatalia. Hutengenezwa kwa umbo la kichwa kimoja, inabana pale kichwa hicho kilipotokeza na kuacha nafasi pale kilipobonyea. Ukimvisha mtoto mwingine, itabana mahali pake pazuri. Nilimpelekea badala yake maelezo ya hatua ya 4 na ya 5, na namba ya idara ya fiziotherapia ya hospitali ya kwao akaitafuta mwenyewe.

Yetu iko chumbani kwa dada mtu. Anamvisha dubu wake saa 23 kwa siku, na ile moja anamwogesha.